Kadi si leseni: dhana potofu kuhusu shirikisho la kimataifa la waongoza watalii

Chama cha waongoza watalii kikishasajiliwa na kupata wanachama wa kutosha, hoja ya kujiunga na shirikisho la kimataifa haikawii kuletwa mezani. Mmoja anatarajia leseni ya dunia nzima, mwingine wageni, mwingine semina za Ulaya zenye posho. Shirikisho linalotajwa zaidi ni Shirikisho la Dunia la Vyama vya Waongoza Watalii, WFTGA, lililotokana na mkutano wa 1985 na kuundwa rasmi 1987, makao yake ya kisheria yakiwa Vienna, Austria. Baadhi ya yaliyo hapa chini yanalihusu hilo. Mengine yanalihusu shirikisho lolote la aina yake, hata lile ambalo vyama vya Afrika Mashariki vingependa kuliunda vyenyewe.

"Ukiwa na kadi ya shirikisho unaongoza wageni popote"

Leseni hutolewa na serikali au mamlaka ya eneo, wala hakuna shirikisho lenye uwezo wa kuitoa. Tanzania kazi hii ni ya raia, na amri ya Julai 2025 iliyowazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa iliitaja waziwazi. Mzungu mwenye kadi ya shirikisho na uzoefu wa kutosha hawezi kuongoza wageni Ndutu, jirani na Serengeti, kwa kadi hiyo, kama ambavyo wewe wa Arusha huwezi kusimama na kundi Roma na kuanza kueleza historia ya Colosseum.

Ulaya kwenyewe mambo yalifika mahakamani. Tarehe 26 Februari 1991 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilizihukumu Ufaransa, Italia na Ugiriki kwa kuwadai leseni waongozaji wanaosafiri na kundi kutoka nchi nyingine mwanachama. Hata hivyo iliacha nje makumbusho na majengo ya kihistoria yasiyotembelewa ila kwa kuongozwa na mtaalamu maalumu. Nafuu hiyo ilitokana na mkataba wa nchi kuhusu biashara ya huduma. Kadi ya chama haikuwa na nafasi yoyote katika hoja.

Kiwango cha Ulaya EN 13809 cha 2003 kinamweleza mwongoza watalii kuwa mtu anayewaongoza wageni kwa lugha waliyoichagua na kuwafafanulia urithi wa utamaduni na maumbile wa eneo, na ambaye kwa kawaida ana sifa inayohusu eneo hilo mahususi. Neno zito hapo ni "eneo". Yule anayetoka na kundi Frankfurt hadi uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), akishughulikia tiketi, vyumba na malalamiko ya chakula, ni msimamizi wa safari. Mengi ya malumbano kwenye mageti ya hifadhi hutokana na kuchanganya kazi hizo mbili.

Kadi ina faida yake: inamtambulisha mwenyewe. Makumbusho fulani humwingiza mwongozaji bure akiionyesha, lakini hiyo ni hisani ya mlangoni, kwa hiyo andika barua pepe kabla hujafika.

"Nitajiunga mwenyewe, chama cha nini?"

Wanachama kamili wa shirikisho ni vyama. Mtu binafsi hupata nafasi ya pembeni pale ambapo hakuna chama, na nafasi hiyo haina uzito wa kura ya chama.

"Ada ni ndogo, kulipa si tatizo"

Hapa ndipo vyama vingi hukwama, na mara nyingi pesa huwa zipo. Tuseme ankara ni yuro 300. Mweka hazina anakwenda benki, anajaza fomu ya kutuma nje, na kwenye sehemu ya makato anaacha alama ya SHA, maana ndiyo iliyowekwa tayari. Maana yake ni kwamba yeye analipa makato ya benki yake tu. Benki za katikati na ile inayopokea zinachukua chao humo humo ndani ya pesa zilizotumwa. Vienna zinaingia 278. Mweka hazina wa shirikisho, ambaye ni mtu wa kujitolea na anafanya kazi hiyo usiku, anaandika "deni yuro 22". Miezi inapita bila mtu kufuatilia. Siku ya mkutano mkuu orodha ya wenye haki ya kupiga kura inasomwa na chama hakimo, kwa sababu katiba nyingi za mashirikisho humnyima kura mwanachama mwenye deni lolote, hata la yuro moja.

Dawa yake ni ndogo. Chagua OUR, ambapo anayetuma anabeba makato yote. Andika namba ya ankara na jina la chama kwenye maelezo ya malipo. Pesa ikitoka kwenye akaunti ya mwenyekiti kwa jina lake binafsi, mpokeaji hajui ni ya nani. Iombe benki nakala ya ujumbe wa SWIFT, yaani uthibitisho wa malipo yaliyotumwa nje, na uitume kwa barua pepe siku hiyo hiyo. Bajeti iwe na akiba ya kupanda kwa yuro, kwa kuwa ada inapitishwa kwa shilingi mwezi wa kwanza na kulipwa mwezi wa nne.

Kuna ugonjwa mwingine upande wa idadi. Shirikisho likitoza kwa kichwa, chama huwa na wanachama 150 wakati wa kulipa na 400 wakati wa kudai kura. Njia pekee ya kuuzuia ni tarehe moja ya kuhesabu, kwa mfano 31 Desemba, na orodha moja ya waliolipa ada ya chama chao hadi siku hiyo, itumike kwa ada na kwa kura pia.

"Mkutano mkuu ni safari ya viongozi"

Kwa sehemu, ndiyo, tusidanganyane. Lakini humo ndimo bodi inamochaguliwa, katiba inamobadilishwa na ada inamopangwa, na chama kisichofika kinaamuliwa na waliofika. WFTGA hukutana kwa kawaida kila baada ya miaka miwili: Tehran ilikuwa Januari 2017, Tbilisi 2019. Kwa Mzungu, Januari ni msimu mfu. Kwa Mtanzania ni Ndutu wakati nyumbu wanazaa na ni kiangazi kifupi cha Kilimanjaro, yaani siku ambazo mwongozaji mzuri hapatikani mjini. Chama kikimtuma aliyebaki bila kazi, kimeshajichagulia aina ya mjumbe.

Mkutano ukiwa nchi ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hesabu ya muda ianze mapema. Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lifike angalau siku 15 kabla yake. Uamuzi huchukua siku 15 kwa kawaida na unaweza kufika 45. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu iwe na kikomo kisichopungua yuro 30,000. Kinachowaangusha waongozaji zaidi ni uthibitisho wa kipato. Mtu wa kujiajiri hana hati ya mshahara. Kipato chake kinakuja kwa msimu na bakshishi hulipwa mkononi. Barua ya mwaliko pekee haiondoi shaka hiyo. Ambatanisha leseni iliyo hai, namba ya mlipakodi, taarifa ya benki ya miezi kadhaa na mikataba ya safari zinazofuata baada ya tarehe ya kurudi, kwa kuwa hizo ndizo zinazoonyesha kwamba mtu ana kazi inayomsubiri nyumbani. Barua ya mwaliko nayo itaje jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, ukumbi, na nani analipia malazi.

Viza ikikataliwa, kura isipotee. Hati ya kumkabidhi mwingine kura iwe ya maandishi, isainiwe na watu wawili wa chama, imtaje anayepokea na ifike kabla ya muda uliowekwa. Katiba iweke kikomo cha kura za kukabidhiwa kwa mtu mmoja, mbili zinatosha. Bila hivyo mjumbe mmoja mwenye marafiki wengi anaingia ukumbini na kura tisa mfukoni.

Nchi yenye vyama vitatu, kimoja cha mlimani, kingine cha mbugani na kingine cha visiwani, ina jambo lake. Nchi moja kura moja inavilazimisha vyama kugombana nyumbani. Kura kwa ukubwa inaipa Ulaya kila kitu. Mchanganyiko ndio unaodumu: kila nchi ina kura ya msingi, kisha ngazi chache za idadi, na juu ya hapo dari ambayo hakuna anayeivuka. Mgawanyo huo uandikwe kwenye katiba kabla hakujawa na mgombea yeyote, maana baada ya hapo kila pendekezo litasomwa kama kampeni.

"Huko juu kuna ofisi, mishahara na wanasheria"

Bodi ni waongozaji wanaojitolea, walio katika mabara tofauti. Saa za kikao zitangazwe kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na saa ya kila mjumbe iandikwe pembeni. Ulaya hubadilisha saa mwezi wa tatu na wa kumi, sisi hatubadilishi, na kila mwaka kuna anayeingia kikaoni watu wakiwa wanaagana.

Sheria ya vyama ya Austria ya 2002 si ngumu, ila ina tarehe. Viongozi wapya waripotiwe kwa mamlaka ndani ya wiki 4. Hesabu zifungwe ndani ya miezi 5 baada ya mwaka wa fedha kuisha, kisha wakaguzi wawili wazikague ndani ya miezi 4. Sehemu ya kumi ya wanachama ikidai mkutano mkuu, uitishwe. Na kwa kuwa makao ni Umoja wa Ulaya, nakala za pasipoti za wajumbe ziko chini ya sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi: zikivuja na kuweza kuwadhuru wenyewe, mamlaka ijulishwe ndani ya saa 72. Kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la maandalizi ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuzivujisha.

Makabidhiano ndiyo yanayoua zaidi kuliko wizi. Anwani ya barua pepe ya chama iwe ya wadhifa, isiwe Gmail ya katibu aliyeshindwa uchaguzi akaondoka na neno la siri. Vivyo hivyo jina la tovuti, mihuri na saini za benki.

"Shirikisho litupangie bei ya siku"

Waongozaji waliojiajiri ni wafanyabiashara mbele ya sheria ya ushindani, na chama chao kikitangaza bei ya lazima kimeingia kwenye upangaji bei. Ibara ya 101 ya mkataba wa uendeshaji wa Umoja wa Ulaya inataja maamuzi ya vyama vya wafanyabiashara moja kwa moja. Kenya ina sheria yake ya 2010 na Tanzania ya 2003. Walioajiriwa wana njia yao, chama cha wafanyakazi.

Kinachoruhusiwa kina faida kuliko wengi wanavyodhani: mkataba wa mfano. Utaje siku ni saa ngapi, safari ikifutwa saa 48 kabla nani analipa nini, nani anabeba kiingilio cha hifadhi na chakula cha dereva, na malipo yafanyike ndani ya siku ngapi. Mwongozaji anayelalamikia bei mara nyingi kinachomuumiza ni kulipwa baada ya siku 90.

"Miaka ya porini inatosha, mafunzo ni ya wanaoanza"

Kiwango cha Ulaya EN 15565 cha 2008 kinataka angalau vipindi 600 vya mafunzo, asilimia 40 vikiwa vya vitendo. Kujua ndege mia tano ni jambo moja. Kuamua utakachokiacha, kulisimamisha kundi mahali jua haliwapigi machoni, na kungoja wa nyuma wafike kabla hujafungua mdomo ni jambo lingine, na mtu hulijua akikosolewa papo hapo. Ndiyo maana mafunzo yenye tija ya mashirikisho ni yale ya kuwafundisha wakufunzi: watu wachache wanarudi nyumbani na kufundisha kwa lugha na eneo lao. Chama kikimpeleka mwenyekiti mzee asiyefundisha tena, nafasi hiyo imepotea.

"Tarehe 21 Februari ni siku ya Umoja wa Mataifa"

Siku ya Kimataifa ya Waongoza Watalii ilianzishwa na WFTGA na imeadhimishwa tangu 1990. Siku ya Utalii Duniani, 27 Septemba, ndiyo ya shirika la utalii la Umoja wa Mataifa. Vyama vingi hutoa matembezi ya bure kwa wenyeji, na hakuna anayelazimisha tarehe yenyewe. Kwetu Februari msimu umepamba moto, kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya Aprili inafaa zaidi ikiwa mvua itaruhusu. Kundi lisizidi watu 25 kwa mwongozaji, majina yaandikwe mapema, na uulize kama bima ya chama inahesabu kazi isiyolipwa. Bima nyingine haziihesabu, na ngazi za nyumba za Mji Mkongwe ni mwinuko mkali.