Kilianguka: Sentensi ya Kwanza ya Insha

"Ilikuwa siku ya Jumatatu asubuhi. Jua lilikuwa limechomoza na ndege walikuwa wakiimba nyimbo nyororo."

Nikisahihisha insha za Gredi ya Nne, nakutana na mwanzo huu daftari baada ya daftari. Watoto siwalaumu, maana sisi walimu ndio tuliowakaririsha. Enzi za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, mtahiniwa alikuwa na dakika 40 kuandika insha ya alama 40, na utangulizi wa kukariri ulimpunguzia hofu ya karatasi tupu. Kundi la mwisho la kawaida liliufanya mtihani huo mwaka wa 2023, lakini mazoea yamebaki. Mtoto wa Nairobi anayeamshwa na honi za matatu bado anaandika kwamba aliamshwa na jogoo.

Dawa ninayoitumia imo ndani ya sarufi yetu. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kiambishi cha ngeli, yaani cha kundi la nomino, kwa hivyo neno moja tu laweza kuwa sentensi kamili huku nomino ikiwa bado imefichwa. Naandika ubaoni: *Kilianguka.* Kisha nanyamaza. Mikono inainuka: kikombe! Kisu! Kioo! Nafuta, naandika *Limepotea.* Gari! Koti! Mmoja akisema "mwavuli", wenzake wanamrukia: "Umepotea!" Hapo somo la ngeli limeingia bila mimi kulitaja, na darasa zima linataka kujua ni nini kilichopotea. Hamu hiyo ndiyo ninayotaka msomaji awe nayo. Ngeli ya A-WA, ya watu na wanyama, ni tamu zaidi: *Alikuwa amesimama mlangoni.* Mwanamume au mwanamke? Mgeni au mwizi?

Nawaonya jambo moja tu: nomino isifichwe mno. Sentensi ya tatu ikiisha hatujaambiwa, msomaji anachoka.

Muhula uliopita msichana mmoja aliandika kuhusu kibanda cha mama yake cha mboga, kilichobomolewa usiku. Kibanda chenyewe kilitokea mstari wa nane, baada ya jua, ndege na mswaki. Nikamwuliza, "Ulipofika pale uliona nini?" Akasema, "Sikuona kitu, mwalimu. Hakikuwepo."

Nikamwambia hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza. Akaketi, akaandika:

"Hakikuwepo. Nilidhani nimepotea njia, lakini nguzo ya stima ilikuwa pale pale. Kibanda cha mama kilikuwa kimebaki misumari na mabati mawili."

Nilisoma nikiwa nimesimama kando ya dawati lake, na sikuwa na la kusahihisha.

Baadaye akaja kuuliza kama anaweza kuwarudisha wale ndege, kwa sababu aliwapenda. Nikamwuliza, "Walikuwepo?" Akafikiri kidogo. Akasema walikuwepo kunguru, wakidonoa nyanya zilizopondwa chini.

"Basi waandike kunguru," nikamwambia.