Walinzi wa Nje wa Besiboli: Yanayosimuliwa na Yaliyotokea

Mashabiki wa besiboli wa Marekani hubishana kuhusu wachezaji waliostaafu kabla hata wazazi wao hawajazaliwa, na hubishana kwa uhakika wa mtu aliyekuwa amekaa jukwaani siku hiyo. Ubishi mkali zaidi huwahusu walinzi wa nje, wale watatu wanaosimama mbali nyuma, mmoja kushoto, mmoja kati na mmoja kulia. Eneo lao ni kubwa na mpira huwafikia kwa nadra, lakini ukiwafikia uwanja mzima husimama. Tukio la sekunde chache likambeba mtu miaka 70.

Na hapo ndipo chumvi inapoingia. Kabla ya marudio ya televisheni, kilichobaki baada ya mechi kilikuwa picha moja, kipande cha filamu, na kalamu ya mwandishi aliyekuwa akiwahi gazeti lisifungwe. Nionavyo mimi, mengi yanayoitwa kumbukumbu za mashabiki ni kumbukumbu za magazeti. Kinachokera ni kwamba ukweli uliofunikwa mara nyingi ni mtamu kuliko hadithi yenyewe.

“Mpira alioudaka Willie Mays mwaka 1954 ndio uliowapa ubingwa, na ndio bora kuliko yote aliyowahi kudaka”

Tarehe 29 Septemba 1954, uwanja wa Polo Grounds, New York. Ilikuwa mechi ya kwanza ya fainali, si ya mwisho. New York Giants walikuwa sare ya 2–2 na Cleveland katika awamu ya nane, na Cleveland walikuwa na wakimbiaji wawili: Larry Doby kwenye beisi ya pili na Al Rosen kwenye ya kwanza. Hakuna aliyekuwa ametolewa. Vic Wertz akaupiga mpira wa zaidi ya futi 420, yaani karibu meta 130, moja kwa moja katikati. Mays akageuka, akampa mpigaji mgongo, akakimbia, na akaudaka ukipita juu ya bega lake.

Picha inaishia hapo, na mashabiki wengi nao huishia hapo. Waliokuwa karibu naye walishangazwa zaidi na kilichofuata. Sheria inamruhusu mkimbiaji kuondoka kwenye beisi yake mara mpira unapodakwa, na kwa mpira uliokwenda mbali kiasi kile Doby angeweza kukimbia kutoka beisi ya pili mpaka nyumbani, pale anaposimama mpigaji, na kupata mbio, yaani pointi. Mays alijua. Alidaka, akajizungusha papo hapo na kurusha kwa nguvu hata kofia ikamtoka kichwani. Doby akaishia beisi ya tatu, na awamu ikamalizika bila Cleveland kupata kitu. Mays mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba kudaka hakukumtia wasiwasi, alichokuwa akikiwaza njiani ni namna ya kuurudisha mpira. Alisema pia kwamba amewahi kudaka mipira migumu kuliko ule, na hakuna sababu ya kumbishia mwenye mikono.

Mechi yenyewe iliamuliwa katika awamu ya kumi na mtu mwingine kabisa. Dusty Rhodes, aliyeingizwa kupiga kwa niaba ya mwenzake, aliuinua mpira ukadondoka jukwaani upande wa kulia, umbali wa kama futi 260 tu. Polo Grounds ulikuwa na umbo la ajabu, mfupi pembeni na mrefu kupindukia katikati. Kwa hiyo siku moja, uwanja mmoja, mpira wa meta 130 uliishia kudakwa na mpira wa meta 80 ukawa homurani (pigo linalovuka uzio na kumrudisha mpigaji mpaka nyumbani) ya mbio tatu. Wertz, ambaye jina lake hutajwa leo kama mhanga, alipata mapigo halali manne, yaani yanayomfikisha mpigaji kwenye beisi, katika mara tano zilizohesabiwa siku hiyo. Giants walishinda 5–2, kisha wakashinda mechi zote nne za fainali dhidi ya timu iliyokuwa imeshinda mechi 111 msimu ule.

“Ty Cobb aliua mtu, alinoa njumu ili awakate wenzake, na alichukiwa mpaka kaburini”

Huyu ndiye kesi ngumu, kwa sababu wanaomtetea na wanaomlaani wote wana pa kushika.

Cobb alicheza Detroit kuanzia 1905. Wiki chache kabla ya mechi yake ya kwanza, mama yake alimpiga baba yake risasi akafa. Alikuwa mtu wa hasira, hilo halina mjadala. Mwaka 1908 alishtakiwa Detroit kwa kumpiga kibarua Mweusi wa barabara, na alilipa dola 75 kuimaliza kesi. Mei 1912 mjini New York alipanda jukwaani kumpiga shabiki aliyekuwa akimtukana, na shabiki huyo alikuwa amepoteza mkono mmoja na vidole vya mkono wa pili kwa ajali. Cobb alipofungiwa, wenzake waligoma. Detroit wakaokoteza watu wa kujaza nafasi, wakafungwa 24–2 na Philadelphia.

Hayo yalitokea. Lile la kuua halijathibitishwa na yeyote. Chanzo chake kikubwa ni Al Stump, mwandishi aliyemsaidia Cobb kuandika maisha yake na ambaye, mara Cobb alipofariki mwaka 1961, alichapisha makala ya kumchafua. Watafiti waliopekua rekodi za vifo za Detroit za mwaka 1912 hawakukuta maiti inayolingana na simulizi. Kuhusu njumu, kisa maarufu ni cha Agosti 1909, alipomkwaruza mkono Frank Baker wa Philadelphia. Magazeti yaliwaka moto. Picha ya tukio ilipopatikana, ilimwonyesha Cobb akiteleza kuelekea upande wa pili, akimkwepa Baker, naye Baker alifungwa bandeji akaendelea kucheza.

Halafu kuna jambo ambalo wanaomwita kinara wa ubaguzi hulikimbia: mwaka 1952, alipoulizwa kuhusu wachezaji Weusi kuingia katika ligi kubwa, Cobb aliunga mkono waziwazi, tena bila masharti. Je, hilo linafuta kesi ya 1908? Mimi nasema hapana. Linaonyesha tu kwamba mtu anaweza kuwa na miaka 21 na baadaye akawa na 65. Na mazishi yake yenye watu wachache wa besiboli, yanayotolewa kama ushahidi wa chuki, yalikuwa madogo kwa sababu familia iliomba yawe ya faragha. Wapiga kura wa 1936, waliochagua kundi la kwanza la Jumba la Heshima la Cooperstown, linaloenzi wachezaji bora wa besiboli, walimpa kura 222 kati ya 226. Babe Ruth alipata 215.

“Babe Ruth alikuwa mnene aliyejua kupiga tu”

Kabla ya kuwa mlinzi wa nje, Ruth alikuwa mrushaji wa Boston, tena wa mkono wa kushoto na mmoja wa bora wa zama zake. Msimu wa 1916 alishinda mechi 23 kama mrushaji. Katika fainali za 1916 na 1918 alirusha awamu 29 na theluthi mbili mfululizo bila kuruhusu mbio hata moja, na rekodi hiyo ilisimama mpaka 1961. Ukihesabu homurani 714 pekee, umemwona nusu.

Wapo wanaokuambia New York Yankees walianza kuvaa jezi zenye mistari myembamba ili kumpunguza Ruth umbo. Yankees walizijaribu mara ya kwanza mwaka 1912, na Ruth alifika kwao 1920.

Na kidole cha 1932? Tarehe 1 Oktoba mwaka huo, katika uwanja wa Wrigley Field mjini Chicago, inasemekana alielekeza kidole mahali ambapo angeutuma mpira, kisha akautuma hapohapo. Filamu iliyopigwa na shabiki inamwonyesha akiinua mkono, hilo ni kweli. Alikuwa akimwelekezea nani, benchi la wapinzani wake, Chicago Cubs, lililokuwa likimtukana au ukuta wa nyuma, filamu haisemi. Mrushaji Charlie Root alikana mpaka kufa kwake, na waandishi wengi waliokuwepo hawakuandika lolote kuhusu kidole siku hiyo.

“Rekodi ya Roger Maris iliwekewa nyota ya doa”

Hakuna kitabu rasmi kilichowahi kuwa na nyota hiyo (*), ya kuonyesha kwamba rekodi ina kasoro. Maris alipomkaribia Ruth mwaka 1961, kamishna wa besiboli Ford Frick alitangaza kwamba rekodi ya homurani 60 ya Ruth, ya mwaka 1927, ilipatikana katika msimu wa mechi 154, hivyo atakayeipita baada ya mechi hizo ataandikwa kando. Maris alifikisha 61 siku ya mwisho ya msimu wa mechi 162. Rekodi mbili zikaandikwa moja pembeni ya nyingine, bila alama yoyote, mpaka kamati ya ligi ilipofuta utengano huo mwaka 1991. Maris hakuishi kuona, alikufa 1985. Nyota ilikuwa vichwani mwa watu, na nadhani iliuma vilevile.

“Joe Jackson alipiga 0.375 kwenye fainali, kwa hiyo hana hatia”

Hii ndiyo hoja ya mashabiki wengi wa Jackson wa Chicago White Sox, timu iliyouza fainali za 1919 kwa wacheza kamari. Takwimu ni sahihi (0.375 ni wastani wa mapigo halali kwa kila mara iliyohesabiwa): mapigo halali 12, homurani pekee ya fainali zile, na hakuandikiwa kosa lolote katika ulinzi. Lakini ukizitazama mechi moja moja, mbio zote sita zilizoingia kwa mapigo yake zilikuja katika mechi tatu za mwisho. Mechi tano za mwanzo, hakuna. Na alipokea dola 5,000, jambo alilolikiri mbele ya baraza la mahakama mwaka 1920.

Upande wa pili nao una uongo wake. Mtoto anayedaiwa kumlilia nje ya mahakama amwambie si kweli hana ushahidi wowote zaidi ya magazeti, na Jackson alisema halikutokea. Agosti 1921 mahakama iliwaachia huru washtakiwa, na kesho yake kamishna wa besiboli, Landis, akawafungia maisha. Mei 2025 ligi iliamua kwamba kifungo cha maisha huisha mtu anapokufa, hivyo Jackson akatoka kwenye orodha miaka 73 na ushei baada ya kuzikwa.

“DiMaggio ndiye aliyekuwa mpigaji bora wa 1941”

Joe DiMaggio alipata pigo halali katika mechi 56 mfululizo mwaka huo, na tuzo ya mchezaji bora ilikwenda kwake. Katika mechi hizohizo alipiga wastani wa 0.408. Ted Williams wa Boston, ndani ya siku zilezile, alipiga 0.412, akamaliza msimu na 0.406. Tangu hapo hakuna aliyefikisha 0.400 katika American League wala National League. Siku ya mwisho Williams alikuwa na wastani ambao ukikadiriwa ungeandikwa 0.400 kamili, akakataa kukaa benchi kuulinda, akapiga mara sita kati ya nane katika mechi mbili. Hata hivyo mlinzi bora kati yao alikuwa DiMaggio, kwa mbali.

“Hank Aaron alicheza muda mrefu tu”

Kweli, hakuwahi kufikisha homurani 50 kwa msimu, kilele chake kilikuwa 47. Lakini ziondoe zote 755 katika hesabu yake, na bado anabaki na mapigo halali 3,016. Wapo wengi katika Jumba la Heshima wasiofika hapo na homurani zao zote. Zile za mwisho kabla ya kumfikia Ruth alizipata akipokea barua za vitisho kwa sababu mtu Mweusi alikuwa akimkaribia Ruth, mpaka alipompita tarehe 8 Aprili 1974.

“Clemente alikuwa mgonjwa wa kujitakia”

Waandishi wa Pittsburgh walipenda kumwita Roberto Clemente, mzaliwa wa Puerto Rico, mtu wa kulalamikia maumivu. Waliandika Kiingereza chake jinsi kilivyotamkwa ili wacheke, na kadi zake zikamwita Bob. Mgongo wake uliumizwa na ajali ya gari mwaka 1954. Hakuna aliyewahi kumpita kwa idadi ya mechi akiwa na Pirates. Alikufa tarehe 31 Desemba 1972, ndege aliyoipanda kupeleka misaada kwa waathirika wa tetemeko la Nicaragua ilipoanguka baharini. Na wale wanaodai kwamba alisimama makusudi kwenye mapigo 3,000: alipiga pia katika mechi za mtoano za mwaka huo, ila hizo hazihesabiwi.

“New York ya miaka ya 1950 ni Mays au Mantle”

Muulize shabiki wa Brooklyn atakutajia Duke Snider. Katika misimu minne ambayo wote watatu waliicheza kikamilifu mjini humo, 1954 mpaka 1957, Snider ndiye aliyeongoza kwa homurani: 165, dhidi ya 163 za Mays na 150 za Mickey Mantle wa Yankees. Simsemi kuwa bora kuliko hao wawili. Nasema tu namba zinampa kiti.

Mantle naye anabebeshwa homurani ya futi 565 aliyoipiga Washington mwaka 1953. Kipimo kile kilifika mpaka mahali mpira ulipookotwa, si ulipoangukia.

Lakini orodha yoyote ya “bora wa wakati wote” inayoanza na Cobb na Ruth ina tundu. Hao wawili hawakuwahi kukutana na mchezaji Mweusi katika ligi zao, ambazo zilimkubali wa kwanza wa karne ya 20 mwaka 1947. Mei 2024 ligi kuu ilizijumuisha rasmi takwimu za ligi za Weusi za 1920 mpaka 1948. Mays akaongezewa mapigo kumi ya ujanani mwake Birmingham. Juu ya jedwali la wastani wa upigaji akakaa Josh Gibson na 0.372, Cobb na 0.367 akashuka wa pili, na wa tatu, na 0.363, ni mlinzi wa kati wa Indianapolis aitwaye Oscar Charleston. Yeye alikufa Oktoba 1954, siku chache baada ya Mays kuudaka ule mpira, akiwa ameacha filamu kidogo mno kwa wabishi wa leo kurudia kuitazama.