Ucheshi wa Kisurealisti: Mfano wa The Goodies

Ucheshi wa kisurealisti ni uchekeshaji unaojengwa juu ya jambo lisilowezekana katika ulimwengu tunaoujua, kisha jambo hilo likachukuliwa kana kwamba ni la kawaida kabisa. Hapo ndipo unapotengana na upuuzi mtupu, kwa maana upuuzi hauna kanuni, ilhali ucheshi huu huwa na kanuni moja iliyopinda, na mengine yote huifuata kwa mantiki kali. Mwigizaji anayeujua hashangai. Kushangaa amemwachia mtazamaji.

Wanaoueleza ucheshi huu kwa mifano ya televisheni ya Uingereza aghalabu hukimbilia Monty Python, kundi la wachekeshaji wa televisheni. Kwa maoni yangu mfululizo wa vichekesho wa The Goodies unaonyesha vizuri zaidi namna kanuni hiyo inavyofanya kazi. Mfululizo huo ulianza katika chaneli ya BBC2 mwezi Novemba 1970, ukabaki huko hadi 1980, kisha ukahamia ITV, chaneli ya kibiashara, na kumalizikia mwaka 1982. Waandishi na waigizaji wake, Tim Brooke-Taylor, Graeme Garden na Bill Oddie, walikuwa wamepitia Chuo Kikuu cha Cambridge na kuchekesha pamoja redioni. Humo wanatumia majina yao wenyewe: ni watu watatu wenye ofisi inayopokea kazi yoyote, mahali popote, wakati wowote, na usafiri wao ni baiskeli moja ya viti vitatu. Tim ni mtiifu kwa Malkia na huvaa kizibao chenye rangi za bendera ya nchi yake. Graeme ni mwanasayansi ambaye uvumbuzi wake huleta balaa. Bill, mwenye ndevu na hasira za haraka, hupinga kila mamlaka.

Katika kipindi cha paka, kilichotengenezwa 1971, wanapewa wanyama wa kutunza, naye Graeme anamlisha mtoto wa paka dawa ya kukuza mwili. Kuanzia hapo hakuna jambo jipya la ajabu linalohitajika. Paka akiwa mkubwa kuliko majengo, lazima aangushe mnara wa posta wa London. Na kwa kuwa bado ni paka, njia ya kumvuta ni panya, hivyo watatu hao wanavaa vazi la panya. Toleo lake lililotengenezwa upya lilipata tuzo ya Waridi la Fedha katika tamasha la televisheni la Montreux, Uswisi, mwaka 1972. Monty Python wao huweza kukatiza kichekesho katikati na kurukia kingine, lakini hawa hubaki na wazo moja kwa karibu nusu saa, mpaka limezaa kila tokeo lake.

Mantiki hiyo inaweza pia kuwa silaha ya kisiasa. Kipindi cha 1975 kuhusu Afrika Kusini kinadhania kwamba watu weusi wote wameondoka nchini humo, na utawala, ukiwa hauna tena wa kumbagua kwa rangi, unaanza kuwabagua watu wafupi. Bill ni mfupi, kwa hiyo anageuka mnyonge ghafla, mbele ya macho ya wenzake. Sheria zinazofuata haziongezewi ukatili wowote; zinabadilishiwa kipimo tu, na ubatili wa zile za kweli unaonekana bila hotuba.

Kwa upande wa ufundi, walitegemea filamu iliyoharakishwa, waya, vikaragosi na vielelezo vidogo vya majengo, pamoja na nyimbo alizotunga Oddie. Ufundi huo unaonekana wazi, wala haudhuru, kwa sababu mtazamaji haombwi kuamini kwamba paka ni mkubwa kweli. Anaombwa akubali tu kwamba ni mkubwa.

Si kila walichofanya kinastahili kutetewa. Katika vipindi kadhaa, pamoja na hicho cha Afrika Kusini, wazungu wanajipaka rangi nyeusi ili kuchekesha, na hapo hakuna kanuni yoyote iliyopindwa: ni dhihaka ya kawaida ya zama zile, iliyoazimwa kutoka majukwaa ya zamani.