Kikomo cha cc hakileti usawa: dhana potofu kuhusu kanuni za injini katika mbio za baiskeli za injini

Kila mara klabu ndogo inapoandaa mbio za baiskeli zilizofungwa injini, kama zile zinazokimbizwa kwenye viwanja vya karti (vigari vidogo vya mbio) huko Arizona na California, mkaguzi wa injini kama mimi hupokea pendekezo lilelile likisemwa kwa uhakika uleule: wekeni kikomo cha cc, yaani cha ujazo wa silinda, na ugomvi wote utakwisha. Wengi wanaolitoa ni watu wema wanaotaka mchezo huu ubaki wa watu wa kipato cha kawaida, na kwa heshima hiyo ninawaandikia jibu refu badala ya lile fupi ninalolitoa kando ya kiwanja.

Dhana: “Injini zikiwa na cc sawa, zina nguvu sawa.”

Nguvu ya injini hutokana na kiasi cha hewa na mafuta kinachochomwa kwa dakika, na ujazo wa silinda ni sehemu moja tu ya hesabu hiyo. Sehemu nyingine ni kasi ya mizunguko, jinsi silinda inavyojaa katika kila mzunguko, na kiwango cha mgandamizo. Kupima injini kwa cc peke yake ni sawa na kumpima mkimbiaji kwa ukubwa wa mapafu bila kuuliza anapumua mara ngapi.

Anayedhani kwamba hii ni nadharia tu na aitazame historia ya daraja la cc 50 katika mashindano ya dunia ya pikipiki, lililoanza mwaka 1962. Kanuni ya ujazo iliheshimiwa kikamilifu, na viwanda vikaitikia kwa kugawa hizo cc 50 katika silinda mbili ndogo ili injini iweze kuzunguka kwa kasi zaidi. Kufikia mwaka 1967 Suzuki ilikuwa na mashine ya cc 50 yenye nguvu farasi zipatazo 17 na gia 14, na Honda ilikuwa imekwisha kutengeneza ya mapigo manne iliyopita mizunguko 20,000 kwa dakika. Linganisha na Honda GXH50, injini ya kawaida ya cc 49 ambayo watu wengi huifunga kwenye baiskeli: nguvu yake ni farasi mbili hivi. Ujazo ni uleule, lakini nguvu zinatofautiana zaidi ya mara nane. Shirikisho la kimataifa lilirejesha utulivu kwa kuongeza masharti mengine, na kuanzia mwaka 1969 daraja hilo likafungwa kwenye silinda moja na gia zisizozidi sita.

Isitoshe, cc zenyewe hazisomwi kwenye stika. Injini za Kichina za mapigo mawili zinazouzwa kama “cc 80” huwa na kipenyo cha silinda cha milimita 47 na mwendo wa pistoni wa milimita 38 au 40. Ukikokotoa utapata karibu cc 66 kwa ile ya kwanza na cc 69 kwa ya pili. Kwa hiyo kanuni inayosema “cc 66” bila kutaja nafasi ya ziada humfungia nje mtu aliyenunua injini yake kwa nia safi dukani, na pia humwadhibu mwenye silinda iliyolika akaichonga nusu milimita, jambo linaloongeza kama cc moja na nusu tu, huku ikimwachia huru yule aliyepanua matundu ya silinda kwa tupa na kufunga ekzosi ya tumbo inayorudisha ndani mchanganyiko uliokuwa ukitoroka. Huyo wa mwisho ndiye atakayeshinda, na vipimo vyake vya ujazo vitakuwa halali kabisa.

Ninachopendekeza, na ninajua kwamba wengine wamechoka kunisikia, ni kizuizi cha hewa: bamba la chuma lenye tundu moja la kipenyo kilichotajwa, linalofungwa kati ya kabureta na silinda. Hewa haiwezi kupita katika tundu kwa kasi inayozidi ile ya sauti, na kadiri injini inavyokazana kuzunguka, ndivyo faida ya kuchonga inavyopungua. Tundu likishushwa kutoka milimita 14 hadi 12, eneo lake hupungua kwa zaidi ya robo. Halimalizi kila tofauti, kwa maana ekzosi nzuri bado husaidia kwenye mizunguko ya chini, lakini hukata kilele cha nguvu, na kwenye kilele ndiko fedha nyingi hupotelea. Wapenzi wa Safari Rally wanaifahamu kanuni hii, kwani magari ya turbo ya ubingwa wa dunia yalikimbia kwa miaka mingi na kizuizi cha milimita 34. Wanakumbuka pia kwamba mwaka 1995 Toyota ilifungiwa miezi 12 kwa sababu kizuizi chake kilitengenezwa kwa namna iliyoruhusu hewa kupenya pembeni. Kwa hiyo ukaguzi uwe na hatua mbili: pitisha pini ya kupimia katika tundu, kisha washa injini na uzibe njia ya hewa. Isipozima, kuna hewa inayoingia kwa mlango mwingine.

Dhana: “Mapigo mawili huwaka mara mbili, basi wape wa mapigo manne cc maradufu.”

Ni kweli kwamba injini ya mapigo mawili huwaka katika kila mzunguko, na ya mapigo manne mara moja katika mizunguko miwili, lakini ya mapigo mawili ya bei nafuu humwaga sehemu ya mchanganyiko wake kwenye ekzosi kabla haujaungua. MotoGP, daraja kuu la mashindano ya dunia ya pikipiki, ilijaribu uwiano unaokaribia maradufu mwaka 2002, ikiruhusu cc 990 za mapigo manne dhidi ya cc 500 za mapigo mawili, na pikipiki za mapigo manne ndizo zilizoibuka na ushindi katika mbio zote 16 za msimu huo. Watengeeni madaraja, mengine ni kujisumbua.

Dhana: “Daraja la injini zisizoguswa halihitaji ukaguzi.”

Hakuna daraja linalohitaji ukaguzi kuliko hilo. Kanuni itaje unene wa gasketi ya silinda hedi, kimo cha matundu, na kabureta inayokubalika. Neno “asili” pekee kila fundi hulitafsiri anavyopenda.

Dhana: “Acheni kila mtu afunge anachotaka, ndiyo nafuu.”

Ni nafuu kwa msimu mmoja. Katika mbio nyingi ndogo za magari Marekani gharama hubanwa kwa kanuni ya kudai injini, ambapo mshindani anaweza kuinunua injini ya mshindi kwa bei iliyotangazwa kabla ya msimu. Bei hiyo ikiwekwa juu kidogo tu ya gharama ya injini mpya, hakuna atakayetumia mara tano yake kuichonga.

Dhana: “Uzito ni jambo la mpanda baiskeli mwenyewe.”

Penye farasi mbili au tatu, kilo 30 za tofauti huonekana kila mnapotoka kwenye kona. Pimeni baiskeli na mpandaji wake pamoja, wekeni uzito wa chini kabisa unaoruhusiwa, na mwepesi abebe kipande cha madini ya risasi kilichofungwa kwa bolti kwenye fremu, si mfukoni.