Mashaka wa Darasani, Issa wa Jandoni: Majina Yetu ya Kusini

Shule ilipofunguliwa baada ya likizo ya Juni, mwalimu alishika daftari la mahudhurio akaita, "Mashaka!" Kimya. Akaita tena. Watoto wakainamisha vichwa, wawili watatu wakaziba midomo. Mwenye jina alikuwa dawati la pili, kanyolewa upara, kavaa shati jipya, na hakuwa na nia ya kuitika. Aliyeingia jandoni alikuwa Mashaka, aliyetoka ni Issa. Kumwita mwali, yaani aliyetoka jandoni, jina la utotoni mbele za watu ni kumtukana, na mwalimu yule, mgeni pale Newala, alikuwa ametukana mara mbili bila kujua. Huyo Issa ni mjomba wangu, tumbo moja na mama.

Kazi yangu ni ya utamaduni, katika halmashauri mojawapo ya huku Mtwara, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni "jina langu lina maana gani?" Huwa sijibu haraka. Kwanza nauliza: ulipewa na nani, na lini? Hapo mambo mengi hujifungua yenyewe.

Kwa Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua, jina la kuzaliwa limekuwa siku zote jina la kushikia tu. Mtoto hulivaa mpaka jando au unyago, kisha hulivua pamoja na utoto wake. La pili ndilo jina la mtu mzima, na mara nyingi hutoka kwa mkubwa fulani wa ukoo au kwa yule aliyemsimamia mwali. Kiswahili kimeihifadhi habari hiyo ndani ya neno moja, somo. Somo ni mtu mwenye jina kama lako, na somo ni yule mwanamke anayemfunda mwali. Akina Somoe waliojaa Mtwara na Lindi wamebeba neno hilohilo. Somoe ni "somo yake".

Wamisionari walipofika walikuta mlango wa majina una mwenyewe. Misheni ya Kianglikana ilianza Masasi mwaka 1876, na ubatizo ukaja na majina yake. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza Dayosisi ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, anakumbukwa kwa uamuzi ambao wenzake wengi hawakuupenda. Hakulipiga jando marufuku, alilitia ibada za Kikristo. Alikuwa ameelewa, nadhani, kwamba kijana anaweza kubatizwa asubuhi lakini kijiji kikaendelea kumhesabu mtoto mpaka jando limpe jina.

Mfano ninaoupenda ni wa Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, ambaye mwaka 1890 alipewa upadri, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo. Cecil ni la Waingereza. Majaliwa ni Kiswahili kitupu: yale Mungu aliyomkadiria mja wake. Jina hilo halijaondoka kusini. Kassim Majaliwa wa Ruangwa, aliyeingia uwaziri mkuu mwaka 2015, analo.

Majina mengine hutolewa na kalenda. Juma ni wa Ijumaa, Hamisi wa Alhamisi, Shabani, Rajabu na Ramadhani ni wa miezi yao, Mwanaidi ni wa sikukuu. Hapa nina kichekesho cha kitaaluma ambacho wanafunzi hukipenda. Kiswahili huanza kuhesabu wiki Jumamosi, kwa hiyo Jumatano ni siku ya tano. Kiarabu huanza Jumapili, na "khamis" kwao inatokana na tano. Tumechukua hesabu zote mbili, ndiyo maana wiki yetu ina siku mbili za tano zinazofuatana, na Hamisi anaishi katika ile ya pili. Waakani wa Ghana nao humpa mtoto jina la siku. Kofi ni wa Ijumaa, na Kofi Annan alizaliwa Ijumaa kweli, tarehe 8 Aprili 1938. Kwa maana hiyo Juma wa Mikindani na Kofi wa Kumasi ni wajina.

Wajina wengine wanakaa nyumba moja bila kujuana. Ukanda wa Masasi na Ndanda si ajabu kukuta ndugu wa mama mmoja, huyu anaswali na yule anasali, mmoja Yahya na mwingine Yohana. Yahya wa Waislamu ndiye Yohana Mbatizaji wa Wakristo. Jina ni la Kiebrania, lenye maana kwamba Mungu amefadhili, na limetembea kuliko mfanyabiashara yeyote. Kwa Waingereza ni John, kwa Wahispania Juan, kwa Warusi Ivan.

Halafu yako majina ambayo mama huyatoa akiwa na lake moyoni: Tabu, Shida, Sikujua, Siwema, Mashaka. Watu huyaonea huruma. Mimi naona mengi yalikuwa barua. Mwanamke aliyekosa pa kusemea alimwandikia mume au wifi ujumbe, akaupa miguu uzunguke uwanjani kila siku. Bibi yangu hakuwahi kueleza Mashaka yalikuwa ya nini, lakini babu, nasikia, hakupenda kumwita mtoto yule kwa sauti kubwa.

Sasa tuje kwenye fomu. Jina la kwanza, jina la kati, jina la ukoo. Mpangilio huu tunauona kama maumbile, kumbe ni desturi ya watu fulani tu. Wachina hutanguliza ukoo, hivyo kwa Mao Zedong ukoo ni Mao. Iceland watu wengi hawana jina la ukoo kabisa: mtoto wa kiume wa Jón ni Jónsson na wa kike ni Jónsdóttir, kaka na dada wa baba mmoja wakaachana mwishoni. Ethiopia mtu hubeba jina lake na la baba, kwa hiyo ukimwita Abiy Ahmed "Bwana Ahmed" umemwita baba yake. Wareno huweka jina la upande wa mama kwanza, la baba likafuata, na desturi hiyo imevuka bahari hadi Msumbiji. Ndiyo maana jamaa wa Kimakonde, mmoja ng'ambo hii ya Ruvuma na mwingine ng'ambo ile, wanaweza kuandikwa kama watu wasiohusiana.

Sisi kwenye kisanduku cha ukoo huandika jina la babu mzaa baba. Lakini makabila niliyoyataja hufuata ukoo wa mama. Lukosyo ya Myao na nihimo ya Mmakua, ndiyo majina ya ukoo huo, hupita kwa mama na mjomba, na fomu haina pa kuiweka. Nimeona vijana wanaojua majina matatu ya kwenye cheti vizuri sana, ila ukiwauliza ukoo wao wanamtazama mama.

Kwa wazazi wa leo, sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Watoto walio chini ya miaka mitano husajiliwa bila malipo kwenye ofisi za kata na vituo vya afya. Jando likija na jina jipya, ama liingizwe rasmi kwa hati ya kubadili jina kabla mtoto hajafika mitihani ya taifa, ama libaki la nyumbani na la shule lisiguswe. Balaa liko katikati, huku nusu ya karatasi zikisema hivi na nusu vile.

Mjomba aliishi katikati miaka arobaini. Cheti cha shule kilisema Mashaka, kadi ya chama cha msingi cha ushirika Issa. Msimu mmoja fedha za korosho zikaingizwa kwa jina la kadi, akaunti ya benki ilikuwa imefunguliwa kwa cheti, zikarudi zilikotoka. Alikuwa na deni la salfa, dawa ya mikorosho. Tukaenda kwa wakili kuandika kiapo, mimi na yeye, na wajukuu wawili waliodandia safari kwa ajili ya soda.

Wakili akamaliza kuchapa, akatoa karatasi, akaanza kusoma kwa sauti: "Mimi, Issa, ambaye pia najulikana kwa jina la..." Mjomba akanyanyua mkono. Akainuka, akawatazama wajukuu pale barazani, akavuta mlango akaufunga. "Haya," akasema, "malizia. Polepole."