Eti upepo mkali ndio raha ya kinu cha upepo? Nani kawadanganya

Jamani hii nimeisikia mpaka masikio yamechoka: "leo upepo mkali, kinu kitakuwa kinasaga balaa!" Watu wanakatiza mashamba kwa miguu, wanafika wanakuta mabawa yamefungwa, wananuna, eti msagaji mvivu.

Ukweli ni kwamba upepo mkali ndio adui wa kinu cha zamani. Breki kwenye vingi ni vipande vya mbao tu vinavyobana gurudumu kubwa kule juu, sasa mabawa yakishachanganya ukasema ufunge breki zile mbao zinasuguana zinatoa moshi mara cheche, na humo ndani ni mbao kavu na vumbi la unga, kitakachofuata unakijua. Ukiyaachia nayo, mawe ya kusagia yanaenda mbio mno, na yakikosa nafaka katikati yanagusana, cheche tena! Ndo maana msagaji anayejua kazi anakunja turubai za mabawa mapema au anafunga kabisa. Hata mabawa ya vibao vya springi aliyobuni fundi Mskoti Andrew Meikle 1772, vibao vinafunguka upepo ukizidi ili upite, yaani watu wanahangaika kuupunguza nyie mnauombea uongezeke. Njooni siku ya upepo wa wastani, usio wa kushtukiza, na ulizeni kabla hamjavaa viatu.

"Mawe yanasaga kwa kugusana." Hapana, nimeshasema. Kunaachwa upenyo mwembamba kama karatasi, na jiwe la juu ndo linazunguka.

"Vyote ni vya unga." Nendeni Kinderdijk, Uholanzi, viko 19 na kazi yake ilikuwa kutoa maji mashambani.

"Kinajigeuza chenyewe kufuata upepo." Vyenye feni ndogo ya nyuma inayosukumwa na upepo na kukigeuza, sawa, Mwingereza Edmund Lee aliisajili 1745. Ila kile cha Outwood, Surrey, Uingereza, cha 1665, ni nyumba nzima na mawe yake imekaa juu ya nguzo moja, inageuzwa kwa kusukuma boriti la nyuma. Sukuma uone.

Halafu nyie wa selfi, "mbona mabawa yanaenda taratibu". Taratibu hapo katikati! Ncha inakuja kasi, na kwenye vinu vingine inapita karibu kabisa na ardhi, ikikupata kichwani ndo basi. Mbwa afungwe kamba, mtoto ashikwe mkono, picha pigeni mkiwa nje ya uzio.