Kuipunguzia Risiva Mzigo: Lini na Namna ya Kuongeza Amplifaya ya Pembeni

Mzee mmoja wa Mbezi Beach aliniita nyumbani kwake kwa sababu risiva yake ya sinema ya nyumbani ilikuwa ikijizima kila filamu inapofika patamu. Baada ya shikamoo na kikombe cha chai, aliweka filamu ya vita, akapandisha sauti kwa rimoti, na haikuchukua dakika kumi kabla ya "tik" ndogo kusikika ndani ya risiva, sauti ikakatika na taa nyekundu ikaanza kuwaka na kuzima. Niliweka kiganja juu ya kifuniko chake, nikakiondoa upesi. "Imekufa, fundi?" akauliza. Nilimjibu kwamba haijafa, bali inajilinda, kwa kuwa imebebeshwa mzigo unaoizidi.

Nyuma ya spika zake palikuwa na kibandiko kinachosema omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme; zikipungua, spika huvuta umeme zaidi), na hapo ndipo penye kiini cha habari yote. Risiva ya sinema ya nyumbani hufanya kazi mbili ndani ya sanduku moja: huchambua sauti na kuigawa kwa kila chaneli, yaani njia ya kila spika, kisha huisukuma sauti hiyo hadi kwenye spika. Zile wati 100 zinazoandikwa kwenye boksi kwa kawaida hupimwa chaneli mbili zikifanya kazi, kwa spika za omu 8. Zikipigwa tano au saba kwa pamoja, zote hunywa kutoka transfoma moja, na kila moja hupata pungufu. Spika ya omu 8 inayopokea wati 100 huhitaji takriban volti 28 na ampia 3.5, lakini ukiipa spika ya omu 4 volti zizo hizo, itavuta ampia 7. Risiva nyingi haziwezi kutoa mkondo huo kwa muda mrefu, na zikilazimishwa hupata joto hadi zinajikatia zenyewe.

Amplifaya ya pembeni huchukua ile kazi ya pili. Mara nyingi ninaipa chaneli tatu za mbele tu, yaani kushoto, kati na kulia, kwa kuwa sehemu kubwa ya sauti ya filamu, na karibu mazungumzo yote, hutoka huko. Spika za nyuma hubaki kwa risiva, ambayo sasa ina nafasi ya kupumua.

Lakini anayedhani ataongezewa kelele atajuta, na hili huwa nalisema kabla ya kupokea hata shilingi. Kutoka wati 100 hadi 200 ni ongezeko la desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikioni ni ndogo. Ili sauti isikike kana kwamba imekuwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi zaidi. Isitoshe, spika ya kawaida yenye usikivu wa desibeli 87, yaani sauti inayotoa kwa wati moja ukiwa mita moja mbele yake, ikipewa wati hiyo moja tu, inatosha kabisa kutazamia taarifa ya habari sebuleni. Kwa hiyo mwenye chumba kidogo cha Sinza, spika za omu 8 na mapenzi ya mpira wa Jumapili, mimi humshauri fedha yake aipeleke kwenye spika bora au kwenye sabufa, na hapa nina maana ya spika ya besi yenyewe, si ile seti nzima ya redio ambayo mtaani tumezoea kuiita sabufa.

Ukishajiridhisha kwamba unaihitaji, geuza risiva na utafute matundu yaliyoandikwa PRE OUT, ya kupeleka sauti kwenye amplifaya kabla risiva haijaikuza. Kama lipo la sabufa peke yake, safari imeishia hapo, na ni heri kubadilisha risiva. Wapo wanaochukua waya kutoka sehemu ya spika na kuuingiza kwenye amplifaya. Huko ni kuipa volti ishirini na zaidi sehemu inayotarajia moja au mbili, na katika baadhi ya risiva ule upande mweusi wa spika haujaunganishwa na bodi ya chuma, hivyo unaweza kuunguza vifaa vyote viwili kwa mpigo.

Kisha piga hesabu ya geini, yaani amplifaya huikuza mara ngapi sauti inayopokea. Amplifaya ya wati 200 kwa omu 8 hutoa volti 40. Ikiwa geini yake ni desibeli 29, huzidisha kile inachopokea kama mara 28, hivyo itahitaji volti 1.4 kutoka risiva ili ifike kileleni, na risiva iliyo nzuri huzitoa bila kukwaruza. Hesabu hiyo inahusu pia zile mashine za sherehe zinazouzwa Kariakoo. Sizidharau, nguvu zinazo, ila feni zake husikika filamu inaponyamaza, na vile vitufe vya mbele vya kuzungusha ni mtihani katika nyumba yenye watoto. Kwa mteja mmoja nilipima chaneli zote vizuri, nikarudi baada ya wiki na kukuta upande wa kushoto umefika mwisho. Tangu siku hiyo huvifunika kwa tepu.

Kuunganisha kwenyewe si kazi kubwa. Zima na uchomoe kila kitu, ondoa kabisa waya za spika za mbele kwenye risiva na uzihamishie kwenye amplifaya, kwani spika moja haipaswi kamwe kushikwa na mashine mbili. Kama kuna tundu la triga la volti 12, litumie ili risiva iiwashe na kuizima amplifaya yenyewe. Kama halipo, washa risiva kwanza na amplifaya mwisho, na wakati wa kuzima anza na amplifaya. Baada ya hapo lazima urudie upimaji kwa ile maikrofoni iliyokuja na risiva, kwa sababu geini mpya itafanya spika za mbele zizifunike za nyuma.

Kwa yule mzee wa Mbezi Beach, tulipoiwasha amplifaya yake tu, mvumo mzito ulijaa sebuleni. Nilichomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi, mvumo ukakata. Nikaurudisha, nao ukarudi. Amplifaya ilikuwa na plagi yenye ethi, huku dishi likiwa limefungwa kwenye bomba lililosimikwa ardhini, hivyo vifaa vilikuwa na njia mbili za kufika ardhini na umeme mdogo ukawa unazunguka kati yake. Nilivihamishia vyote kwenye soketi moja, kisha nikaunganisha ganda la waya wa dishi na ethi ya nyumba, pakawa kimya. Mjukuu wake alikuwa amependekeza tukate ile pini ya ethi kwenye plagi. Hapana: pini hiyo ndiyo inayomlinda anayegusa bodi ya chuma siku waya wa ndani utakapochomoka.

Umeme wetu ni volti 230, basi anayeletewa amplifaya na ndugu yake kutoka Marekani atazame kwanza nyuma: iliyotengenezwa kwa volti 120 tu inaweza kuungua mara itakapochomekwa. Stabilaiza ndogo ya friji nayo huinyima pumzi mashine hii panapotokea mshindo mkubwa kwenye filamu. Na kwa walio karibu na bahari, plagi za waya za sauti huota kutu ya kijani, kwa hiyo zichomoeni na kuzizungusha mara kwa mara.

Tulirudia filamu ile ile hadi mwisho, kabati likiwa limeondolewa ubao wa nyuma ili hewa ipite, na kifuniko cha risiva kikabaki vuguvugu tu. Swali la mzee lilihusu Luku. Kipimo changu kilisoma wati 60 amplifaya ikiwa imewashwa bila kupiga chochote, nikamwambia kwamba hapo uniti moja humalizika baada ya saa 16 na ushei. Akaniomba nihakikishe tena kama ule waya wa triga umekaza.